Mwaridi Usiotoa Maua

Mji wa Morogoro umekaa chini ya Milima ya Uluguru, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mwaridi ukidhoofika hapo ni rahisi kulilaumu joto. Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Miwaridi kwa asili ni mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia. Kusini mwa Sahara ipo spishi moja tu ya asili, nayo huota katika nyanda za juu za Ethiopia. Kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila mtu apandapo mita 1,000, mashamba makubwa ya mawaridi yamewekwa mahali pa juu, kama Arusha na Naivasha. Katika joto kali ua huwa dogo na hupukutika mapema. Hata hivyo, joto hilo peke yake haliuui mwaridi. Mara nyingi auuaye ni mtunzaji, tena kwa wema wake.

Mfano ulio wazi ni maji. Mizizi hupumua, ikitumia oksijeni iliyomo baina ya chembe za udongo. Udongo wa mfinyanzi ukijaa maji, hewa hiyo hutoweka, mizizi huoza, na majani hunyauka ilhali ardhi imelowa. Mtunzaji hudhani mmea una kiu, akazidi kuumwagilia. Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili kwa jaribio rahisi: kichimbwe kishimo chenye kina cha sentimita 30 karibu na mmea, kisha kijazwe maji. Iwapo maji yangalimo kesho yake, dawa si mbolea, bali ni kupanda juu ya tuta lililochanganywa na mboji iliyooza vyema.

Mbolea nayo ina hila zake. Naitrojeni ikizidi, majani hunenepa na maua huadimika. Katika udongo mwekundu wenye asidi kali, chuma na alumini huishika fosforasi, na mizizi huikosa ingawa imo. Mwaridi hupendelea pH ya 6 hadi 6.5; hivyo udongo upimwe kabla ya kutiwa chokaa.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, majani hupata madoa meusi, yakageuka manjano na kuanguka. Hiyo ni kazi ya kuvu, ambayo spora zake huhitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi ili ziote. Kwa hiyo maji yamwagwe shinani, asubuhi, na majani yaliyoanguka yachomwe.

Miwaridi mingi imeunganishwa juu ya shina la aina nyingine. Chipukizi litokalo chini ya kiungo lina nguvu sana, na mtunzaji hulifurahia, kumbe linaunyima chakula mwaridi wenyewe. Ling'olewe kutoka mahali lilipoanzia; likikatwa juujuu, litachipua tena.