Jina la Kijana Aliyefia Vitani

Mwezi wa Novemba mataifa mengi huwakumbuka watu wao waliokufa katika vita. Sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kuvitafuta vita hivyo, maana vilifika mlangoni petu. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilionekana baharini, zikiwa na askari wapata 8,000 kutoka Bara Hindi, nao wakashushwa Ras Kazone. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa na watu wapata 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Na baadhi yao waliletwa upesi kwa gari la moshi kutoka Moshi. Tarehe 4 wakapigana mashambani na katika njia za mji, hata nyuki wakatoka mizingani wakawauma watu. Siku ya pili yake Waingereza wakarudi melini, wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 300.

Majina ya majemadari wa siku ile yajulikana: Aitken upande huu, von Lettow-Vorbeck upande ule. Walakini twauliza: yule kijana askari aliyeanguka kati ya minazi, mwana wa mtu, jina lake nani? Na yule nduguye aliyechukua unga na risasi kichwani mpaka mwaka 1918, naye aliitwaje?

Maana vita vile viliwala wapagazi kuliko askari. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu, homa na maradhi ya kifua. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wakadiriwa kufika 95,000. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja, akaenda nao kwa miguu huku pwani ya bara. Lakini wengi walikwenda pasipo mtu wa kuwajua. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi. Mtaa una jina, na wao hawana.

Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari, ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yake yawaahidi walioanguka kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Ahadi hiyo ni njema. Lakini ukilizunguka jiwe lile hutaona jina hata moja. Wenye amri walikuwa wamekata shauri kwamba kwa Waafrika sanamu yatosha, majina hayana haja. Mwaka 2021 tume ya Uingereza itunzayo makaburi ya vita ilikiri neno hili kwa maandishi, ikaomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Wala haikuwa kazi isiyowezekana. Katika vita vya pili, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haina kaburi. Lakini majina ya wengi wao yamechorwa katika ukumbusho wa makaburi ya vita Nairobi, na mtoto akienda huko aweza kulisoma jina la babu yake.

Basi kwa wale wa kwanza, ukumbusho umebaki nyumbani mwetu. Wazee waliowaona kwa macho wamekwisha, na sasa wanaondoka wale waliosimuliwa na hao. Mzee mmoja akifa kabla ya kuulizwa, kijana yule amekufa mara ya pili. Twawasihi wenye nyumba wawaulize wazee wao jioni hizi: nani katika ukoo alikwenda asirudi? Baba yake nani, kijiji gani, alichukuliwa mwaka gani, habari zake za mwisho zilitoka wapi? Ninyi walimu, wapeni watoto kazi ya kuuliza, na majibu yaandikwe katika daftari moja litunzwe shuleni.

Wala mtu asione haya kwa kuwa babu yake alikuwa askari wa Wadachi, na wa jirani yake alichukua mizigo ya Waingereza. Vita havikuwa vyao, na mama zao waliwangoja njiani namna moja. Watu wetu huwapa watoto majina ya babu zao. Huenda jina la kijana yule laitwa kila siku uani kwako, na mwenye kuitwa hajui limetoka kwa nani. Mwambie.