Kipimajoto Katika Shamba la Mahindi

Kila mkulima wa Kitale na Bungoma ajua ya kuwa mahindi yaliyochelewa kupandwa hayatoi mavuno mema. Wazee walilijua jambo hili zamani, lakini sababu yake ilikuwa fumbo. Mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule, na mvua ingali ikinyesha. Basi ni kitu gani kilichopungua?

Wataalamu Cooper na Law, ambao matokeo ya uchunguzi wao wa Kitale yalitangazwa mwaka 1977, walitafuta jibu kwa kupima. Walipima joto la udongo, na uzito wa miche iliyokaushwa, na mwisho uzito wa punje. Wakaona ya kuwa mmea uliopata udongo wenye joto katika majuma ya kwanza ulikua upesi, na mavuno yake yakazidi.

Sababu ni hii. Mwanzoni majani ya muhindi huonekana juu, lakini mahali yanapozaliwa majani mapya pangali chini ya udongo. Kwa hiyo joto la udongo ndilo linalouharakisha mmea. Mvua zinapoanza, mnamo Machi au Aprili, udongo ungali na joto la kiangazi. Kadiri mvua na mawingu yanavyozidi, udongo hupoa. Aliyechelewa huikuta baridi.

Na ifanywe hesabu ndogo. Muhindi hauwezi kukua vema joto likishuka chini ya digrii 10 hivi, kwa hiyo huhesabiwa digrii zinazozidi hapo. Tuseme udongo wa shamba moja una digrii 22: mmea hupata 12 kila siku, na kwa siku 35 hupata 420. Shamba la pili lina digrii 19: mmea hupata 9 kila siku, jumla 315. Tofauti ya digrii 3 tu imeondoa robo nzima!

Hesabu hiyo yaeleza pia kwa nini mbegu moja hukomaa mapema Bungoma kuliko Kitale. Bungoma iko kama meta 1,400 juu ya bahari, na Kitale karibu meta 1,900. Na joto la hewa hupungua kadiri ya digrii 6 kwa kila meta 1,000.

Mbolea hununuliwa dukani, lakini joto la udongo wa Machi halinunuliwi. Yafaa shamba lilimwe wakati wa kiangazi, na mbegu iwe tayari nyumbani kabla ya mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na hapa matumbo yenyewe ni ya watoto.