Jibu Lisipoeleweka, Je, Tutoe Karata Nyingine?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia habari za karata za taroti, zile ambazo watu wa Ulaya huzitumia kutazamia mambo yajayo. Huenda hata kijana wako amekwisha kukuonyesha picha zake katika simu. Wapo wenye kuziamini na wapo wenye kuzicheka, na mwandishi wa makala haya yumo katika kundi la pili. Lakini liko swali moja linalowagawa wapigaji wa karata hizo ambalo hata sisi tusioziamini linatugusa. Karata zikisha kupangwa, na jibu lake lisieleweke, je, ni halali kutoa nyingine ya kulifafanua?

Ubishi huo niliushuhudia miaka michache iliyopita, jikoni mwa nyumba moja jijini London. Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja wa Tanga, muuguzi kwa kazi yake. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa nyumbani, na dada yule alikuwa hapati usingizi. Arudi akamwuguze mama yake kwa mikono yake mwenyewe, au abaki kazini ili fedha za dawa zisikatike? Mwenzake wa kazini, mama wa Kiingereza wa makamo, alikuja na karata zake akamwekea kumi mezani, vyombo vya chakula cha jioni vikiwa bado havijaondolewa.

Mpango huo wa karata kumi unajulikana sana. Sita hupangwa mfano wa msalaba na nne husimama safu moja kando yake. Ya kumi ndiyo inayotazamwa na kila mtu, kwa kuwa ndiyo ya mwisho wa jambo. Jioni ile ya kumi ikawa Mbili za Panga. Picha yake ni mwanamke aliyeketi, kafungwa kitambaa machoni, kashika panga mbili alizozipishanisha kifuani. Nyuma yake bahari na mwezi mwandamo. Hakuna ndiyo humo, wala hakuna siyo.

“Toa nyingine,” akasema dada.

Mama yule alisita kidogo, kisha akatoa. Zikaja Sita za Panga: mvushaji anasukuma mashua kwa upondo, na ndani yake ameketi mwanamke aliyejitanda, kainama, pamoja na mtoto. Dada akafurahi. “Ndimi huyo, narudi nyumbani!” Lakini alipozidi kuitazama sura yake ikabadilika. Mwanamke yule ametupa mgongo, uso wake hauonekani. Na kama ni mama anayevushwa kwenda ng’ambo ya pili? Akaomba ya tatu kwa sauti ambayo sikuipenda. Mama wa Kiingereza akazikusanya karata zote akazirudisha mfukoni.

Wakati ule nilimwona mkatili. Baadaye nilisoma habari za karata hizo, na sasa naona alikuwa na haki.

Taroti haikuzaliwa kwa ajili ya utabiri. Ilianza kaskazini ya Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo tu wa karata, na jina lake la kwanza lilikuwa trionfi. Neno letu turufu, linalotajwa vibarazani kila jioni, limetujia kutoka trunfo ya Wareno, ambayo ni ndugu wa neno hilo la Kitaliano. Miaka mia tatu na zaidi ilipita kabla ya utabiri kushika kasi. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin alidai kwamba karata hizo zimebeba hekima ya Misri ya kale, dai lisilo na ushahidi wowote. Na mwaka 1785 Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, akatoa maandishi ya kufundisha namna ya kuzipiga.

Karata zilizokuwa juu ya meza ile zilitolewa London mwaka 1909. Mchoraji wake ni Pamela Colman Smith, na mwelekezaji wake A. E. Waite. Ziko 78: 22 kubwa na 56 ndogo. Kabla ya hapo karata ndogo kwa kawaida hazikuwa na visa. Tatu za vikombe ni vikombe vitatu, basi. Bibi Smith alichora watu katika karibu zote, wanaolia, wanaosafiri, wanaogombana. Ndipo penye utamu, na ndipo penye mtego pia, kwa sababu mtu mwenye hofu hakosi kujiona katika picha yoyote atakayopewa.

Waite mwenyewe aliufikiria mkwamo kama ule wa jikoni. Alielekeza kwamba karata ya kumi ikiwa na mashaka, ifanywe mwanzo wa swali jipya: karata nyingine zote zichangwe tena, zikatwe tena, na kumi zipangwe upya. Angalia basi, msomaji, kwamba hakusema uchomoe moja, na nyingine, na nyingine, mpaka moyo utulie.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nusu ya karata 78 ni za heri na nusu ni za shari. Ukitoa moja, nafasi yako ya kupata ya heri ni 50 katika 100. Ukitoa mbili, nafasi ya kupata walau moja ya heri inafika 75. Ukitoa tatu, 88. Ukitoa nne, 94. Anayeruhusiwa kutoa bila kikomo ataipata tu ile aliyokuwa akiitafuta, na mwenye hofu naye ataipata yake.

Hapa wapiga ramli wa pwani yetu wana la kuwafundisha wenzao wa Ulaya. Ramli, ambalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, ina maumbo 16 ya nukta. Manne ya kwanza hupigwa kwa bahati, na mengine yote huzaliwa kutoka hayo kwa kuunganishwa. La 15 ndilo hakimu. Hukumu ikiwa na utata lipo la 16, litokanalo na hakimu na umbo la kwanza kabisa. Huo ndio ufafanuzi wake, na ni mmoja tu. Mpigaji hachagui, wala mwenye haja hawezi kumbembeleza amwongezee, maana jibu lile limekwisha kuwamo mchangani tangu nukta za kwanza. Ramli nayo siiamini, lakini kanuni yake naiheshimu.

Kwa hiyo ukimwona ndugu yako amejiinamia juu ya karata hizo, mwulize kabla ya kuchanga ataongeza ngapi. Akisema moja, iwe moja. Akisema hajui, mwulize anaogopa nini.

Dada yule hakulala mapema usiku ule, nilimsikia akitembea. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimpigia mama yake simu. Wakazungumza kwa Kibondei, ambacho sikifahamu, na mara mbili nikamsikia akicheka. Alipotoka chumbani aliniuliza nauli ya ndege hadi Dar es Salaam ni kiasi gani siku hizi.