Kuapa, Kuapiza, Kutukana na Kukufuru: Je, Tuudhike?

Na mwanachama wa Kidato cha 3

 

Muhula wa kwanza chama chetu kilifanya mjadala uliotugawanya pande mbili kama kabichi iliyokatwa kwa panga. Mada ilikuwa hii: mtu akilitumia jina la Mungu ovyo mbele yako, je, una haki ya kuudhika? Upande wa kupinga ulishika methali isemayo kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Upande wa kuunga mkono ukajibu kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tulipiga kelele mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyeshinda. Mwalimu mlezi akanitazama akasema, "Wewe uliyeongea sana, kaandike." Ndiyo haya sasa.

Kwanza tuyapange maneno yenyewe, kwa sababu siku ile kila mtu alikuwa akizungumzia jambo lake. Kiswahili ni lugha tajiri, nacho kimeyatenga mambo manne.

Kuapa ni kumtaja Mungu au kitu kitukufu ili usadikiwe. Nomino yake ni kiapo. Tukilinyambua tunapata apia na apisha, ndiyo maana rais huapishwa na shahidi huapishwa. Tunasema pia kula kiapo au kula yamini. Neno yamini limetoka katika Kiarabu, na huko lina maana ya mkono wa kulia na vilevile kiapo.

Kuapiza ni ndugu wa kuapa kwa mzizi lakini si kwa tabia. Anayeapiza humwombea mwenzake mabaya, yaani humlaani. Kutukana ni kumtupia mtu maneno machafu au ya dharau. Kukufuru nako ni kumdharau Mungu mwenyewe au vile vinavyoaminiwa kuwa vitakatifu. Dharau hiyo ikielekezwa kwa dini ya mwenzako, aghalabu husemwa kwamba umemkashifu.

Waingereza, kwa upande wao, hutumia kitenzi kimoja kwa kuapa na kwa kutukana. Sababu ipo. Zamani kwao matusi mengi yalikuwa viapo vilivyoharibika, mtu akiapa kwa majeraha ya Mungu au kwa damu yake. Mwaka 1606, Shakespeare akiwa bado hai, bunge lao lilipitisha sheria ya kumtoza pauni 10 yeyote atakayelitaja jina la Mungu kwa mzaha katika mchezo wa kuigiza. Watu walifanya nini? Walilipotosha jina ili waape bila kuonekana wameapa.

Msomaji, usiwacheke. Na sisi tunafanya vivyo hivyo. Sikiliza uwanjani wakati wa mapumziko utasikia "haki ya nani!" Nani ni nani? Ni Mungu aliyefichwa. Anayesema hivyo alitaka kusema "haki ya Mungu" akaogopa katikati ya njia. Na hilo neno "aki" ambalo wasichana na wavulana wa siku hizi hulisema mara hamsini kwa siku, "aki nipe kalamu", "aki nimechoka", ni kipande cha kiapo hicho hicho. Haki kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya ukweli na stahili. Kwa hivyo umeapa mara hamsini, na kalamu yenyewe hukupewa!

Nenda stejini hapa kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho. Makanga atakuambia, "Haki ya Mungu imebaki mtu mmoja tu, twende!" Unaingia, unakaa, na watu wengine watano wanaingia nyuma yako. Mwenye viazi ataapa kwamba gunia limejaa sawasawa mpaka chini. Ukilimwaga, viazi vya juu ni vikubwa kama ngumi, na vya chini ni kama mbegu za parachichi. Je, umewahi kumwona mtu aliyeudhika kwa sababu jina la Mungu limetumiwa kuuzia viazi? Mimi sijamwona. Tunaudhikia viazi tu.

Nilimuuliza nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, kama zamani Wakipsigis waliapa hivi. Alicheka, kisha akawa mkali. Akaniambia kwamba kiapo, muma, hakikuwa kitu cha sokoni. Wazee walikiacha kwa mambo mazito, kama mauaji au ardhi, na mtu alijua kwamba akiapa uongo, balaa ingeweza kumrukia yeye ikawaangukia watoto wake. Asis, Mungu wa wazee wetu ambaye jina lake ni sawa na la jua, alikuwa akiona kila kitu mchana kutwa. "Leo mnaapa kwa sababu ya kabichi," akasema kogo, akaendelea kupepeta maharagwe.

Dini mbili kubwa za nchi yetu hazikutofautiana sana na kogo. Katika Biblia, kulitaja bure jina la Mungu kumekatazwa katika zile Amri Kumi. Waprotestanti wengi huihesabu kuwa amri ya tatu, na Wakatoliki huihesabu kuwa ya pili. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa tano, Yesu anawaambia wanafunzi wake wasiape kabisa. Ndiyo maana Waquaker, ambao walifika Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902, wana desturi ya kale ya kukataa kiapo hata mbele ya hakimu. Kurani nayo, katika sura ya tano, aya ya 89, inatenga kiapo cha kuteleza ulimi na kile cha kukusudia. Mwenye kuvunja kiapo alichokikusudia ana kafara: awalishe au awavishe maskini kumi, au aache mtumwa huru, na akishindwa afunge siku tatu.

Sasa nisimulie kisa kilichonifanya niongee sana siku ya mjadala. Tulipokuwa kidato cha kwanza, tulichanga shilingi mia tano za mpira wa darasa. Pesa zikapotea kwenye dawati. Tukafunga mlango wakati wa chakula, tukaamua kila mtu aape. Mmoja mmoja alisimama: "Haki ya Mungu sijachukua." Tulipofika kwa kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, akasema, "Sijachukua." Tukamwambia aape. Akasema kwao hawaapi, wamefundishwa kwamba neno la mkweli halihitaji kuegemezwa. Mimi, msomaji, ndiye niliyesema kwa sauti kubwa, "Kama hukuiba, mbona unaogopa kuapa?"

Basi ikawa yeye ndiye mwizi. Hatukumpiga, lakini hatukumpa nafasi ya kucheza, na kwenye foleni ya githeri mtu alikuwa akishika mfuko wake akimwona. Juma la mwisho la muhula pesa zilijulikana zilikokwenda. Zilichukuliwa na kijana mwingine, ambaye aliapa wa tatu au wa nne, tena akagusa ulimi kwa kidole akakielekeza juu mbinguni. Yule wa dirishani alihama darasa mwaka uliofuata. Mimi sikumwomba msamaha hadi alipohama, na hata nilipomwomba aliniambia tu, "Sawa."

Ndipo nilipoanza kujiuliza: katika chumba kile, ni nani aliyemdharau Mungu? Ni yule aliyekataa kumtaja, au ni yule aliyemwita awe shahidi wa uongo? Na sisi tuliudhikia nani?

Hebu tuitazame sheria, maana na yenyewe ina jibu lake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sura ya 63 ya sheria zetu, ina kifungu cha 138. Kinasema kwamba mtu akiandika au kutamka neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwingine, ametenda kosa na anaweza kufungwa mwaka 1. Maneno hayo yalitoka mbali. Yanafuata kanuni ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia hapa hadi tulipopata kanuni yetu mwaka 1930. Wao wenyewe kule Uingereza na Wales walifuta kosa lao la kukufuru mwaka 2008. Angalia lakini kwamba kifungu chetu hakimlindi Mungu. Kinalinda hisia za jirani, tena kinadai nia ya makusudi. Kuteleza ulimi hakumo.

Linganisha na kifungu cha 108 pamoja na cha 110. Anayesema uongo mahakamani chini ya kiapo anaweza kufungwa miaka 7. Mara saba! Na yule asiyetaka kuapa je? Sheria ya viapo, sura ya 15, inamruhusu kuthibitisha tu bila kumtaja Mungu. Hata kiapo cha rais katika Katiba ya mwaka 2010 kina nafasi hiyo. Kumbe kijana wa dirishani alikuwa na haki ambayo hata rais anayo, na sisi tulimnyima kwa mia tano.

Najua mpinzani wangu ataniuliza, "Na yule anayekufuru waziwazi, anayeitukana imani yangu mchana kweupe, nimchekee?" Swali hilo ni zito, kwa hivyo twende Tanzania.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, wavulana wawili walibishana juu ya dini zao. Walikuwa wadogo kuliko sisi. Ubishi ulikuwa kama mtu akikinajisi kitabu kitakatifu atapatwa na balaa au la. Mmoja, wa miaka 14, akaikojolea Kurani. Habari zikaenea. Ijumaa ya tarehe 12 umati ukaenda kituo cha polisi ukitaka upewe mtoto huyo. Ulipokosa ukageukia makanisa, yakavunjwa na kuchomwa moto, na watu zaidi ya mia moja wakakamatwa. Yote hayo yalianza kwa ubishi wa watoto, kama ule wa kwetu nyuma ya darasa.

Isidhaniwe kwamba hasira ni ya upande mmoja. Mji huo huo, Februari 1998, wahubiri wa Kiislamu walilalamikiwa kwamba mihadhara yao inaukashifu Ukristo kwa kusema Yesu si Mungu. Polisi wakaingia, vurugu zikazuka katika msikiti wa Mwembechai, na watu wakauawa kwa risasi. Ilhali Mwislamu anaposema hivyo anataja imani yake, jinsi Mkristo anavyotaja yake akisema Yesu ni Mwana wa Mungu. Imani ya huyu ni kufuru masikioni mwa yule. Kila mtu akiudhika hadi mkono unyanyuke, nani atabaki?

Tena mwezi wa Mei 2022, mjini Sokoto, Nigeria, mwanafunzi Deborah Samuel aliuawa chuoni na wanafunzi wenzake kwa kudaiwa amekufuru katika mazungumzo ya darasa. Sultani wa Sokoto, kiongozi mkuu wa Waislamu wa huko, alilaani mauaji hayo. Na Kurani yenyewe, katika sura ya sita, aya ya 108, inawakataza waumini kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mungu bila kujua. Yaani anayeanza kutukana dini ya jirani ndiye anayeifungulia mlango kufuru.

Basi jibu langu ni hili. Kama ni ulimi ulioteleza, mtu amejikwaa jiwe akaita jina la Mungu, mpe pole ya kidole. Kama ni dharau ya makusudi kwa imani yako, una haki ya kuumia, na useme wazi, "Ndugu, umeniumiza." Mwambie mwalimu ikibidi. Lakini kuumia kwako hakukupi rungu. Mungu aliyeumba mlima hawezi kuhitaji ngumi ya mwanafunzi wa kidato cha tatu imtetee. Na kama ni kiapo cha uongo, hapo ndipo nasema tuudhike, hata kama kimetamkwa kwa sauti tamu, kwa sababu kuna mtu atakayekiamini na mwingine atakayeumia. Kijana wa dirishani hakuvunjwa mfupa, lakini darasa alihama.

Tangu muhula huo mimi najaribu kusema "ndiyo" na "la" bila kuongeza kitu. Si rahisi. Leo asubuhi tu nimesema "aki" mara tatu kabla ya gwaride. Nawe msomaji, hesabu zako kuanzia sasa hadi kengele ya jioni, halafu tukutane chamani uniambie, lakini usiniapie.