Cherehani Iliyoganda Haijafa

Mama aliiweka mezani ikiwa bado kwenye kitenge. Kilikuwa kichwa tu. Meza na miguu ya chuma vilibaki Kongo.

"Fundi, hii mashini ilishakufa."

Nikashika gurudumu, likagoma. Nikanusa tundu la mafuta: harufu ya kikaango.

"Mama, nani aliitia mafuta?"

"Ni miye. Ilikuwa inalia."

Hapa Nakivale, Uganda, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, nimeletewa cherehani za kila umri, na nyingi zinazosemekana zimekufa zimeganda tu. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani hugeuka utomvu. Ongeza vumbi la kiangazi la Isingiro, vyuma vinashikana kama vimegundishwa. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayafanyi hivyo.

Dawa yake ni mafuta ya taa, mbali na sigiri yenye moto. Toa sindano na bobini, dondoshea kila tundu na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, kisha nenda kalale. Kesho yake tikisa gurudumu mbele na nyuma, kidogo kidogo, bila koleo. Mimi niliwahi kulazimisha moja nikapinda mhimili wa sindano. Nauli ya Mbarara kutafuta mwingine ikamaliza ujira wote. Ikishalegea, futa mafuta ya taa yote, maana hayalainishi, ndipo utie yale ya cherehani, tone moja kila tundu.

Sasa fungua sahani iliyo chini ya sindano. Utakuta nyuzinyuzi zimeshindiliwa katikati ya meno yanayosogeza kitambaa hadi zimekuwa kama blanketi. Zikwangue zote.

Ikiruka mishono, usikimbilie skrubu. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, milimita 2 na ushee hivi, uzi hujikunja kitanzi nyuma yake, na ncha ya ndoana hupita kukidaka. Sindano ikipinda kidogo tu, ndoana inadaka hewa. Kwa hiyo anza na sindano mpya, mfereji wake mrefu ukielekea upande uzi unakoingilia. Kisha ning'iniza kikombe cha bobini kwa uzi wake: kisishuke chenyewe, lakini ukikitingisha kishuke kidogo. Kikiteremka hadi sakafuni, kaza skrubu yake ndogo, robo mzunguko au pungufu.

Rangi iacheni jamani! Maua ya dhahabu ya Singer za zamani yamefunikwa kwa vanishi inayoyeyushwa na spiriti. Ukisugua mara mbili yamekwenda. Wauzaji wanaozipaka rangi nyeusi ya kung'aa siwaelewi. Na vipuri? Kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichotoa nyingi kati ya Singer hizo, kilifungwa mwaka 1980. Bahati nzuri, Butterfly za Kichina zimefuata umbo la Singer namba 15, na vipuri vingi vinaingiliana. Ukienda Mbarara beba kile kilichovunjika ukilinganishe dukani. Ukikieleza kwa mdomo utarudi na kingine.

Ya Mama ilizunguka siku ya tatu. Miguu bado hana, kwa hiyo nimeifunga mkono wa kuzungushia. Binti yake anazungusha, yeye anaongoza kitambaa, na kila baada ya shubiri moja anamwambia apunguze mwendo.