Dondakoo na Hadaa Yake kwa Moyo

Katika maradhi yanayodhaniwa kuwa ni ya kooni tu, hakuna yenye hadaa kama dondakoo. Kwani homa ikishapungua, na ule utando wa kijivu uliogandamana na koo, ambao ukikwanguliwa hutoa damu, ukianza kubanduka wenyewe, jamaa humshukuru Mwenyezi Mungu na kumruhusu mtoto ainuke kitandani, ilhali ni katika siku hizo hizo, aghalabu mwisho wa juma la kwanza au katika juma la pili, na pengine baadaye zaidi, ambapo misuli ya moyo huanza kuvimba.

Ajabu ni kwamba vijidudu vyenyewe havikuufikia moyo huo. Mjerumani Friedrich Löffler, aliyeviotesha mwaka 1884, aliona ya kuwa katika wanyama aliowadunga vilibaki pale pale ilipopita sindano, na hata hivyo viungo vya mbali vikaharibika, akadhani kuwa ipo sumu isafiriyo kwa damu. Na mwaka 1888 Émile Roux na Alexandre Yersin, huko Paris, waliithibitisha dhana hiyo kwa kuuchuja mchuzi wa vijidudu hata usibaki nacho kimoja, kisha wakawadunga wanyama, nao wakafa vile vile. (Wala si kila kijidudu cha jinsi hii kina sumu: hakiwi nayo mpaka kishambuliwe na kirusi maalumu kinachokipa urithi wa kuitengeneza, jambo ambalo kwangu ni miongoni mwa mastaajabu makubwa ya elimu hii.)

Sumu ikiingia katika seli huizuia isitengeneze protini, na seli ya namna hiyo haina maisha. Nyuzi za moyo hulegea, na amri ya pigo hukatika njiani. Basi mapigo huenda mbio kupita kadiri ya homa, au hupungua ghafla, mgonjwa akapauka na kutapika, na tabibu akisikiliza kifuani hulisikia pigo la kwanza kwa mbali, hafifu. Wako waliofariki kwa kuinuka tu kitandani.

Seramu ya farasi, tunda la kazi ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato ya mwaka 1890, huivunja nguvu sumu ingali katika damu. Iliyokwisha kuzama ndani ya seli haiifikii tena. Kwa sababu hiyo tabibu mwenye shaka hangoji jibu la maabara, bali huijaribu kwanza kidogo, asije mgonjwa akadhurika kwa mzio, kisha huitoa siku ile ile. Penisilini huviua vijidudu na kukomesha sumu mpya, lakini haishiki nafasi ya seramu. Na baada ya yote hayo mgonjwa hulazwa atulie kwa majuma, moyo wake ukipimwa mara kwa mara kwa mashine ya umeme.

Moyo ulionusurika aghalabu hurejea katika hali yake. Ila kuugua dondakoo hakumpi mtu kinga ya kutegemewa, hivyo aliyepona naye huchanjwa, kama anavyochanjwa mtoto mchanga wa Kenya au Tanzania atimizapo majuma 6, 10 na 14.