Mtama wa Haamdani Jukwaani Mkonze

Kisa cha Sultani Darai, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Zanzibar, kwa juu juu ni rahisi kuigiza. Maskini Haamdani anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumuni, anamnunua paa, na paa huyo anamwozesha binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake jumba la nyoka. Hadi hapo paa ni ndugu wa yule paka mwenye buti wa Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697. Ila paka yule anaishia kuwa bwana mkubwa, ilhali paa anaugua, na Haamdani, badala ya kwenda kumjulia hali, anaagiza apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani. Haamdani naye anazinduka na kujikuta jaani, anachakura.

Kikundi kitakachokiigiza kisa hiki Mkonze, ndani ya Jiji la Dodoma, kitakumbana na jambo lisilotatuliwa na mavazi wala mapambo. Kwa Mzanzibari, ambaye chakula chake cha heshima ni wali, uji ule ni tusi lisilohitaji maelezo. Uwanda wa kati, wenye mvua haba za msimu mmoja, ni nchi ya mtama na uwele. Mtama umelea vizazi hapa, na mtazamaji ana haki ya kuuliza kosa la uji liko wapi. Jibu la haraka ni kubadili chakula: paa apewe pumba. Nalikataa. Haamdani anampa mfadhili wake kile kile alichokuwa akikichakura yeye, na ukiuondoa mtama, mwanzo na mwisho vinaachana. Tena dharau yenyewe haimo bakulini. Imo kwa bwana asiyeinuka kitini, anayemjibu kikongwe aliyetumwa na paa kana kwamba anafukuza kuku, na kumpuuza mkewe anayemsihi. Basi kihamishwe kinachoonekana: Haamdani akae juu mbele ya sinia la wali na nyama, paa alale chini, na kikongwe aende na kurudi safari zote bila kufupishwa. Waongozaji hupenda kukata marudio kwa kuogopa kuchosha. Hapa marudio ndiyo yanayomhukumu Haamdani. Fanani mmoja anaweza kuyabeba, kama Ebrahim Hussein alivyomtegemea mtambaji katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zote za mwaka 1976.

Wapo watakaosema Wagogo wana ngano zao, ya Unguja ya nini? Hoja hiyo ina uzito, na ngano hizo zinastahili jukwaa lake. Lakini tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, hadhira ya huku ni ya mikoa yote, na hakuna kinachozuia zeze na uimbaji wa Kigogo kukibeba kisa cha pwani. Pingamizi la pili, kwamba mwisho huu ni mchungu mno kwa watoto, ni jepesi. Haamdani akisamehewa, mchezo mzima unageuka sifa kwa tajiri asiye na shukrani. Waongozaji, mrudisheni jaani.